Gurudumu Linapolalamika

Ipo sauti ambayo wenye magari ya familia katika Walikale na Masisi wameizoea kupita kiasi. Ni mngurumo mzito unaotoka chini ya sakafu, unaopanda kadiri mwendo unavyopanda, na kubadilika gari linapokata kona. Wengi huisingizia tairi au barabara, kisha huongeza sauti ya redio. Mara nyingi kinacholia ni beringi ya gurudumu iliyochakaa. Mwenye gari aliyeitambua sauti hiyo na bado akaendelea kupakia watu amewaingiza katika hatari ambayo hawakuichagua wala hawaijui. Kwa sababu hiyo naona kwamba kubadilisha beringi uani kwetu, kwa mikono yetu wenyewe, si ubahili wala mzaha. Ni wajibu unaoweza kutimizwa, mradi utimizwe wote.

Ndugu zetu wa Bisie wanaijua thamani ya gurudumu kuliko wengi wetu. Uchimbaji wa kasiterite uliposhamiri kule mwanzoni mwa miaka ya 2000, hapakuwa na barabara ya gari. Mgongo wa mpagazi ndio uliokuwa ekseli: mzigo wa kilo 50 za mawe, zaidi ya kilomita 30 za njia ya msituni, mpaka Njingala. Barabara ilikuja pamoja na mgodi wa kampuni ya Alphamin, ulioanza kuzalisha mwaka 2019. Sasa magari yanafika, lakini yanafika yamechoka.

Sababu si mashimo peke yake. Kitovu cha gurudumu kilichosafiri saa nyingi, hasa kilichoshuka mlima kwa breki, huwa cha moto. Kikitumbukizwa ghafla katika kijito, hewa iliyomo ndani hupoa na kunywea, na maji yenye matope hufyonzwa kupitia sili iliyolegea. Grisi hugeuka kama uji, kutu huanza kula, na kidonda kidogo kama punje ya ulezi juu ya njia ambamo gololi hupita kinatosha kuanzisha mngurumo. Baada ya hapo gurudumu hulegea, breki huyumba, na katika hali mbaya kabisa gurudumu zima hung'oka gari likiwa mwendoni.

Nasikia mara kwa mara kwamba kazi hii iachiwe fundi. Hoja hiyo ina uzito, nami simnyimi fundi riziki yake. Lakini kwa aliye ndani ya Walikale, fundi mwenye vifaa kamili anaweza kuwa mbali kwa siku kadhaa za matope, na kumfuata kwa gari lenye beringi mbovu ni kuirefusha ile ile hatari. Tena, si kila anayeitwa fundi hufanya kazi kana kwamba gari lile litambeba mwanawe. Baba au mama wa familia anayo sababu hiyo tayari.

Katika Land Cruiser za zamani zenye ekseli nzima ya mbele, kila kitovu kina beringi mbili za umbo la koni, ya ndani na ya nje, nazo hutoka kwa subira na vifaa vichache. Katika magari mengi mapya ya familia, beringi na kitovu ni kitu kimoja kilichofungwa, hubadilishwa chote kwa pamoja, na nati yake hukazwa mara nyingi kwa zaidi ya niutoni-mita 200, nguvu isiyokisiwa kwa mkono. Asiye na spana ya kupimia nguvu aiazime kabla ya kulegeza nati ya kwanza.

Udanganyifu wa kimya kimya hutokea katika zile koni. Kila koni hukaa ndani ya kikombe chake cha chuma, na kikombe hicho ni kigumu kutoka. Kwa hiyo wako wanaokiacha cha zamani na kutia koni mpya juu yake. Wiki chache tu, mngurumo umerudi. Wako wanaorudisha sili ya zamani kwa kuwa haijapasuka, na wanaopaka grisi juu juu kama siagi ya mkate, badala ya kuisindika kwa kiganja mpaka itokeze upande wa pili. Wako wanaokaza nati kwa nyundo na patasi, wakaita hiyo nguvu. Nati ya koni hukazwa huku gurudumu likizungushwa, hulegezwa, kisha hukazwa tena taratibu mpaka mchezo wote uishe na gurudumu bado lizunguke. Na gari lisibaki juu ya jeki peke yake hata dakika moja. Liwekwe juu ya vihimili imara, magurudumu mengine yatiwe vizuizi, na kalipa ya breki ifungwe kwa waya isining'inie kwenye mpira wake.

Juu ya hayo kuna beringi bandia, ambazo watengenezaji kama SKF wamezionya nchi nyingi. Bei ya kushangaza iwe ishara ya kwanza. Na ile mbovu iliyotolewa isirudi sokoni kama mali ya mitumba. Ipewe watoto watengenezee kigari cha mbao.

Mwaka 2007 Baraza la Kipapa la Uchungaji wa Wahamiaji na Wasafiri lilitoa mwongozo wa uchungaji wa barabarani, wenye amri kumi za dereva. Ya kwanza ni ya kutoua. Ya kumi yamtaka dereva ajione ana wajibu kwa wengine. Huku kwetu wengine hao ni wengi. Machi 2025, M23 walipoingia Walikale-kati na mgodi wa Bisie ukasimamisha kazi kwa wiki kadhaa, tulikumbushwa tena kwamba katika siku kama hizo gari la nyumba moja huwa la mtaa mzima: la mama mjamzito, la mgonjwa, la watoto wa jirani. Hakuna kati yao atakayeuliza hali ya beringi kabla ya kupanda.

Basi, baada ya kilomita 50 za kwanza, simama. Sogeza kiganja karibu na kitovu cha kila gurudumu. Kile kipya kikiwa na joto kuliko mwenzake wa upande wa pili, huenda nati imekazwa mno au grisi haikuingia. Acha kipoe, ufungue upya, hata kama mvua imeanza na abiria wananung'unika.