Kukutana na Jirani Mbali na Nyumbani



Ziwa letu Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi, nalo linagusa nchi 4: Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia. Hata hivyo mama akitoka Uvira na mzigo wake wa vitenge, ni nadra afike Baraka, Kalemie au Kigoma bila kusikia mtu akimwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Anageuka, kumbe ni jirani wa avenyu moja, ambaye nyumbani wanapitana bila kusimama. Ugenini wanakumbatiana mpaka beseni inaanguka. (Wanafunzi wetu hupenda kututajia Stanley na Livingstone, waliokutana Ujiji mwaka 1871. Tunawajibu kwamba ile haikuwa bahati: Stanley alikuwa akimtafuta, tena hawakuwa wakijuana.)

Furaha hiyo ina faida. Unapata pa kulala, unaambiwa bei ya kweli ya ndagala. Lakini mtu akisema tu "tunajuana", muulize kwanza nani anauza makaa pale kona ya kwenu, kabla ya kumwachia mzigo. Wezi wa bandarini nao wanajua kutaja Uvira.

Leo tunataka kusema zaidi juu ya yule asiyependa kuonekana.

Majuzi mama mmoja wa kikundi chetu alikuwa bandarini Kalemie. Akamwona binti wa jirani akiuza mikeke, mimba imekwisha kuwa kubwa. Nyumbani, mama yake aliamini kwamba binti yuko Bukavu kwa shangazi, anajifunza kushona. Binti alishtuka, akasema: "Mama, musiseme kama muliniona huku."

Mama yule hakupiga kelele. Alinunua samaki, akalipa bila kupunguza bei, akakaa. Akauliza: Umekula? Unalala kwa nani? Umekwisha kwenda kupimisha mimba? Hakuwa amekwenda hata mara moja. Asubuhi yake wakaenda pamoja kituo cha afya. Ndipo akamwomba ruhusa: "Nimwambie mama yako tu kwamba uko mzima?" Binti alinyamaza muda mrefu, halafu akakubali.

Kikundini tulibishana sana. Wengine walisema mzazi ana haki ya kujua yote siku ileile. Sisi tunaona hivi: mzazi akiuliza wazi, hatumdanganyi, lakini neno tuliloambiwa bandarini halipelekwi kwenye foleni ya maji. Na kama binti angekuwa anapigwa au amezuiliwa kwa nguvu, hapo hakuna siri ya kutunza.

Basi wamama wawili wakaenda kwake jioni, wakafunga mlango. Neno la kwanza lilikuwa: "Mtoto wako yuko mzima." Mama alilia, kisha akakasirika, siku mbili hakutaka hata kugusa simu. Siku ya tatu, binti mwenyewe akapiga, akaeleza yote kwa sauti yake.

Mama huyo ameturuhusu kuandika haya. Jumanne amepanda mashua. Alibeba vikwembe viwili vya kubebea mtoto na gunia dogo la unga wa muhogo, ingawa tulimwambia kwamba Kalemie unga haukosekani.