Mambo ya Ajabu Yaonekanayo Kutoka Juu

Mwezi huu twataka kunena habari za picha za dunia zipigwazo kutoka juu na vyombo viitwavyo setilaiti, ambazo siku hizi mtu yeyote mwenye simu na intaneti aweza kuzitazama nyumbani kwake. Walimu huzitumia shuleni, na watoto huzitazama usiku hata wazee wao wakachoka kuwaambia wakalale. Tena watu huulizana: Je, ni kweli yale mambo ya ajabu yasemwayo kuwa yameonekana humo? Wengine husimulia uso wa mtu uliolala juu ya nchi, wengine kisiwa cha siri, wengine msitu ambao haukujulikana na mtu. Jibu letu ni kwamba mengine ni kweli na mengine ni macho tu, na picha peke yake haiwezi kutuambia lipi ni lipi.

Kwanza yafaa kujua picha hizi zatoka wapi. Mwezi wa Julai 1972 Wamarekani walirusha setilaiti ya kutazama nchi kavu, ambayo baadaye iliitwa Landsat 1. Wenzake walioifuata wangali wakizunguka hata leo, kiasi cha kilomita 700 juu ya vichwa vyetu. Katika picha zao za siku hizi kila kitone kimoja ni kipande cha nchi cha meta 30 kwa 30. Basi shamba laonekana, lakini nyumba ya mtu haionekani. Ziko setilaiti za makampuni zionazo vitu vidogo zaidi, hata vya nusu meta, na mahali pengi mijini picha za karibu kabisa zilipigwa na ndege. Mwaka 2005 kampuni ya Google ilizikusanya picha za namna hizi zote, ikaziunga pamoja kama mtu ashonaye nguo ya viraka, ikawapa watu bure kwa jina la Google Earth. Twasema viraka makusudi, maana kipande kimoja huenda kilipigwa wakati wa masika, na jirani yake wakati wa kiangazi cha mwaka mwingine. Ukiona mbuga ya kijani imegeuka kahawia kwa mstari ulionyoka kama wa rula, usitafute ajabu hapo, ni mshono.

Tuanze na yale ya macho. Mwaka 2006 mtu mmoja aliyekuwa akitazama nchi ya Kanada, katika jimbo la Alberta karibu na mji wa Medicine Hat, aliona kichwa cha mtu mkubwa mno, uso wake umegeuka upande, naye amevaa taji la manyoya kama wakuu wa wenyeji wa asili wa nchi zile. Hata sikioni alionekana ana kidude cha kusikilizia muziki. Wakampa jina la Badlands Guardian, yaani mlinzi wa nchi mbovu. Hapana mtu aliyemchonga. Ni udongo laini uliochimbwa na maji ya mvua muda mrefu sana, na kile kidude cha sikioni ni barabara iendayo kwenye kisima cha mafuta. Lakini lililo la ajabu zaidi, kwa maoni yetu, ni kwamba uso ule haukuinuka, umebonyea. Ni bonde. Macho yetu yamezoea kuona nuru ikitoka juu, tena yamezoea kwamba uso wa mtu ni kitu kilichotokeza. Basi yakiona mwanga upande huu na kivuli upande ule, huligeuza bonde kuwa kilima bila kutuomba ruhusa. Mwalimu aweza kuwaonyesha watoto jambo hili kwa kuipindua picha ya milima juu chini: mara nyingi mashimo yatakuwa vilima, na vilima vitakuwa mashimo.

Na kile kisiwa cha siri? Baharini kati ya Australia na New Caledonia palikuwa na kisiwa kilichoitwa Sandy Island. Mwaka 1876 meli ya wavua nyangumi jina lake Velocity ilileta habari za kitu upande ule, wachora ramani wakakiandika, na mwandishi akamfuata mwandishi. Katika Google Earth kilionekana kama doa jeusi refu, urefu wake kama kilomita 24. Hata Novemba 2012 wataalamu wa Australia waliokuwa katika meli ya Southern Surveyor wakapita mahali pale penyewe, wakakuta maji matupu, na kina chake kilizidi meta 1,300. Maana yake, michoro ya pwani iliyotiwa katika kompyuta ilinakiliwa kutoka ramani za zamani pamoja na makosa yake. Kwa hiyo si kila kitu kionekanacho katika picha hizi kimepigwa picha. Vingine vimechorwa tu.

Basi tuje kwa yaliyo kweli. Hapa hatuna haja ya kwenda mbali, maana habari iliyotupendeza kupita zote yatoka Msumbiji, jirani zetu wa kusini. Katika mwaka 2005 mtaalamu mmoja Mwingereza, Julian Bayliss, aliyekuwa akifanya kazi katika mlima wa Mulanje huko Malawi, alikuwa akitazama katika Google Earth milima ya kaskazini ya Msumbiji, akitafuta ile mirefu iwezayo kuwa na misitu ya mvua. Katika jimbo la Zambezia akaona doa kubwa la kijani kibichi juu ya mlima wa Mabu. Hakukaa mezani akatangaza. Alikwenda kuona kwa macho yake, na mwaka 2008 ukafuata msafara mkubwa ulioongozwa na wataalamu wa mimea wa Kew, Uingereza, pamoja na Wamsumbiji na Wamalawi, wapata wataalamu 28 na wachukuzi 70. Walipita katika shamba la chai la zamani lililokuwa limeachwa, wakaingia msituni.

Walikuta msitu wa kiasi cha hekta 7,000, mkubwa kuliko karibu yote ya namna yake katika kusini ya Afrika. Humo walimwona nyoka mdogo mwenye sumu, wa jamii ya wale wakaao vichakani, ambaye hakuwa ameandikwa katika vitabu. Mwaka 2009 alipewa jina la kitaalamu, Atheris mabuensis, yaani wa Mabu. Walikuta vinyonga, vipepeo na mimea ambayo vile vile haikuwa na jina kwa wataalamu. Na yule ndege aitwaye alethe wa Thyolo, ambaye huko Malawi misitu yake imekatwa sana, walimkuta Mabu kwa wingi.

Magazeti ya Ulaya yalishangilia, yakasema kwamba msitu umegunduliwa kwa Google. Sisi hatulipendi sana neno hilo. Mlima ule ulikuwa na jina, na jina hulipati bila watu wa kulitaja. Wenyeji wa vijiji vya chini walikuwa wakiwinda humo tangu zamani. Na katika vita vya Msumbiji, vilivyoanza mwaka 1977 vikaisha 1992, watu walikimbilia msitu huo kujificha. Vita hivyo, pamoja na ubovu wa njia, ndivyo vilivyowazuia wataalamu wasifike. Kwa hiyo aliyekuwa hajui ni mtu wa mbali. Mama aliyemficha mtoto wake chini ya miti ile alijua vema. Hatusemi haya ili kuidharau kazi ya Bayliss, maana ni kazi njema, tena yeye aliifuata picha yake kwa miguu. Twasema kwa sababu watoto wetu shuleni husoma kwamba mahali fulani paligunduliwa mwaka fulani, wasiulize ni nani aliyekuwa akiishi pale mwaka uliotangulia.

Bayliss huyo huyo mwaka 2012 aliona katika picha mlima mwingine wa Msumbiji, Lico, nao ni mwamba uliosimama peke yake, kuta zake zimenyoka wima pande zote, na juu yake pana msitu kama bakuli lililojaa mboga. Aliona kwamba msitu kama huo, usioweza kufikiwa, labda haukukanyagwa na mtu. Mwezi wa Mei 2018 alikwenda na wenzake. Wapandaji hodari wa miamba walitangulia, wakafunga kamba katika ukuta wa zaidi ya meta 100, na wataalamu wa vipepeo na mimea, ambao wengine hawakuwa wamewahi kupanda mwamba, wakavutwa na kusaidiwa hata juu. Wakakuta viumbe vipya, kama walivyotumaini. Wakakuta na kitu wasichokitumaini: vyungu vya udongo, vilivyowekwa karibu na chanzo cha kijito. Watu walikuwa wamefika zamani, bila kamba za Ulaya, wakaweka vyungu vyao wakashuka. Walipandaje, na kwa nini, haijajulikana. Hakuna setilaiti iwezayo kuona chungu chini ya mti.

Katika nchi za barafu kuna habari fupi itakayowachekesha watoto. Pengwini wakubwa wa Antaktika huzaa juu ya barafu ya baharini wakati wa baridi kali, na ndege mmoja mmoja haonekani katika picha za Landsat. Lakini kundi likikaa mahali pamoja miezi mingi, kinyesi chao huitia barafu doa la kahawia. Mwaka 2009 wataalamu wa British Antarctic Survey walitangaza kwamba kwa kufuata madoa hayo wamepata mahali 10 pa kuzalia palipokuwa hapajulikani.

Habari nyingine yahusu mtoto aliyepotea. Saroo Brierley alizaliwa Uhindi, katika mji wa Khandwa. Mwaka 1986, umri wake miaka kama mitano, alifuatana na kaka yake Guddu mpaka stesheni ya Burhanpur. Akalala, alipoamka hakumwona kaka yake, akaingia katika behewa tupu, na gari la moshi likaondoka naye mpaka Calcutta, mji uitwao sasa Kolkata. Hakujua kusoma, wala hakuweza kutamka sawasawa jina la mtaa wao. Watu waliomwokota walitafuta jamaa zake wasiwapate, akalelewa na mume na mke wa Hobart, katika kisiwa cha Tasmania, huko Australia. Alipokuwa mtu mzima alianza kutafuta kwa Google Earth. Alikadiria saa alizokaa katika gari la moshi na mwendo wake, akaizungushia Kolkata duara, akazifuata njia za reli moja moja usiku baada ya usiku. Mwaka 2011 aliona stesheni yenye tangi la maji na daraja kama alivyokumbuka. Akaifuata reli mpaka mji wenye mto aliokuwa akicheza kando yake. Februari 2012 alikwenda, akamkuta mama yake yungali hai katika mji ule ule, naye alikuwa amekataa kuhama akitumaini kwamba mtoto atarudi. Guddu alikuwa amekufa kwa kugongwa na gari la moshi, karibu na siku zile zile za kupotea kwa mdogo wake. Kwa mtu mwingine yeyote picha ile ilikuwa stesheni tu, moja katika maelfu.

Walimu wanaotaka kuanza na nchi yetu wenyewe, waitazame kaskazini ya Tanzania, mahali pa ziwa Natron. Katika picha nyingi za kiangazi ziwa ni jekundu, kana kwamba limetiwa rangi, na juu ya wekundu huo pana mabaka meupe. Wekundu ni wa vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho, vipendavyo maji ya chumvi na magadi. Mabaka ni magadi yaliyoganda. Katika maji hayo makali heroe wadogo huja kuzaa, kwa kuwa wanyama wakali hawapendi kupita matope yake.

Kisha wateremke kidogo kusini, wautazame mlima Ol Doinyo Lengai, urefu wake meta 2,962. Watoto wataona kilele cheupe, na karibu wote watasema ni theluji kama ya Kilimanjaro. Sivyo. Ni volkano, na uji wa mawe utokao humo ni wa namna ya peke yake duniani: hutoka mweusi, nao ukipatwa na unyevu wa hewa hugeuka mweupe baada ya muda mfupi. Wamasai wachungao mifugo chini yake hawajauita mlima wa theluji hata siku moja.