Mfupa Ukiunga, Kazi Haijaisha

Jina lenyewe la Kariakoo linatokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya 1914-1918, na hadi leo soko hilo linaishi kwa migongo ya wachukuzi. Magunia hushushwa kutoka kwenye malori, hupakiwa kwenye mikokoteni na kusukumwa katikati ya magari na bodaboda. Si ajabu basi baadhi yao kufikishwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, wakiwa wamevunjika miguu.

Huko mfupa huungwa. Lakini baada ya wiki kadhaa ndani ya plasta, misuli ya paja hunywea na goti hukaza. Hapo ndipo mtaalamu wa fiziotherapia anaposhika zamu. Humkunjisha mgonjwa goti kidogo kidogo, humfundisha kutembea kwa magongo, kupanda ngazi, hata kuinua mzigo kwa nguvu ya miguu badala ya kiuno. Wodini nako, mgonjwa wa kiharusi asipogeuzwa na kukalishwa mapema hupata vidonda, na mkono uliopooza hukakamaa. Kazi hii si kukanda tu, kama wanavyodhani wengi, wasomi wakiwamo.

Tatizo ni siku za kurudi. Mchukuzi hulipwa kwa kutwa. Kila aendapo kliniki hupoteza ujira, hutoa nauli, na huchechemea ndani ya daladala iliyojaa. Baada ya mara mbili tatu huona afadhali akatafute riziki. Goti hubaki limekaza, naye hugeuka mzigo kwa ndugu zake, ilhali gharama kubwa ya upasuaji imekwisha kulipwa.

Ghorofa lilipoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba, 2024, taifa zima lilifuatilia uokoaji. Kutolewa kifusini kulitangazwa. Miezi ya mazoezi inayomngoja mtu aliyepondwa mguu haitangazwi.

Wataalamu hawa, ambao chuo cha KCMC, Moshi, kimewafundisha kwa miaka mingi, wengi wao wamo katika hospitali kubwa. Wakati umefika wahusika wawapeleke pia katika vituo vya afya vilivyo karibu na Kariakoo, mahali ambapo mchukuzi atafika kwa magongo yake, na huduma itolewe hata jioni, malori yakishashushwa. Ofisa anayeidhinisha ruhusa na mwalimu anayeita mahudhurio nao wana sehemu yao: siku ya mazoezi isihesabiwe kuwa utoro.