Mnatetea Foamu au Mnakwepa Karai?

Jameni, kila nikisema vikombe vya foamu vitoke kwenye matanga, harusi na mikutano yetu, jibu ni lilelile: "Lakini vinashika joto!" Sawa. Leo tuongee hilo joto.

Ni kweli vinashika, tena kuliko karibu kila kikombe kilicho jikoni kwako. Glasi hupitisha joto takriban mara 30 zaidi ya foamu. Stili, mara mia kadhaa. Alumini ni maelfu. Ndiyo maana kikombe cha bati kinakuunguza midomo hata kabla hujaonja chai, na cha foamu unakishika chai ikiwa moto huku unapiga stori na watu.

Lakini kinachofanya kazi hapo si plastiki. Ni hewa. Foamu ni polistireni iliyofurishwa mpaka zaidi ya asilimia 95 yake ni hewa tupu, imefungiwa kwenye vijiputo vidogo isiweze kutembea. Chukua polistireni hiyohiyo bila vijiputo, ile ngumu inayopasuka kama biskuti, na inapitisha joto kama mara nne zaidi. Sweta lako linafanya kazi hiyohiyo ya kufungia hewa. Blanketi pia. Hata kile kikapu kilichojazwa vitambaa ambacho watu huwekea sufuria ya githeri iendelee kuiva bila moto. Kwa hivyo mnamshukuru asiyehusika.

Na kwani joto la chai linatokea wapi? Wote mnaangalia pembeni mwa kikombe. Angalieni juu. Chai ya mililita 250 ikipoteza gramu 5 tu kwa mvuke, yaani maji ya kijiko kimoja cha chai, inashuka nyuzi 10 hivi. Kijiko kimoja! Foamu haina la kufanya hapo, kwa sababu yenyewe iko pembeni na mvuke unapaa zake. Kisahani juu ya kikombe cha kauri kinaziba mlango ambao foamu imeuacha wazi. (Hata ule utando wa maziwa mnaoutoa kwa kidole mkikunja uso unasaidia kuzuia mvuke. Uacheni.)

Halafu huyo mama anayewamiminia chai kwenye foamu ameshika nini mkononi? Thamosi. Hicho kifaa kimetokana na chupa aliyoibuni James Dewar kule London mwaka 1892: kuta mbili, na hewa ya katikati imenyonywa. Kama hewa iliyofungiwa inazuia joto vizuri, pasipo na hewa panazuia vizuri zaidi. Chai imekaa humo tangu alfajiri na bado inaunguza ulimi. Sasa inamiminwa kwenye foamu ikae dakika kumi, inywewe, kikombe kitupwe. Joto lilishahifadhiwa, watu wangu. Ukitaka ya moto zaidi, miminiwa nusu, uongezwe.

Basi tuambiane ukweli. Hamtetei joto. Mnakwepa kuosha.

Na hiyo ni hoja ya maana, naiheshimu kuliko hii ya joto. Matanga ya watu 200, maji ni ya mtungi, na wanaoachiwa karai ni akina mama na wasichana huku sisi vijana wa kiume tumekaa chini ya tenti tukibonyeza simu. Foamu iliwapumzisha, siwezi kuwalaumu. Ila mzigo haukuisha, umehamia tu nyuma ya nyumba. Jioni mtu anavichoma, moshi mweusi unaingia kwa dirisha la jirani mwenye mtoto. Visivyochomwa vinavunjika vipande vipande vyeupe, mvua inavipeleka mtaroni, na hakuna anayerudi kuviokota.

Sheria nayo inachekesha. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017. Tangu tarehe 5 Juni 2020 huruhusiwi kuingia na vikombe vya plastiki vya kutumia mara moja kwenye mbuga, fukwe na misitu iliyohifadhiwa. Kwa hivyo swala amelindwa. Shamba la shosho je?

Vikundi vingi vijijini tayari vina tenti, viti na sufuria kubwa za kukodisha. Nunueni na vikombe vya kauri mia mbili, wekeni kwenye kreti, kodisheni pamoja. Vinalipa gharama yake kwa shughuli chache, na vikivunjika viwili vitatu, si mwisho wa dunia.

Na karai lishikwe na wanaume. Mimi nimeshajiandikisha kwa harusi ya binamu yangu Desemba, nafasi za kusuuza bado ziko wazi. Yeyote atakayekuja kwenye komenti kuniambia foamu inashika joto, nitamuuliza tu mara ya mwisho alishika sponji lini.