Makato ya Benki Yaulizwe



Mkulima apelekapo karafuu mizanini huyaona makonyo kwa macho yake, na akikatwa kilo hujua amekatwa kwa nini. Lakini fedha za karafuu hizo zikiisha kuingia benki, wengi wetu hukubali kila kinachokatwa bila ya kuuliza. Twaona jambo hili halifai, na mfano wa Uingereza wastahili kuangaliwa.

Huko, mtu aliyetoa hundi kupita fedha alizonazo alitozwa pauni 30 na zaidi kwa mara moja. Katika miaka ya 2005 hadi 2007 maelfu ya watu wa kawaida waliinuka kudai. Mdai aliomba taarifa za hesabu yake, akajumlisha makato ya miaka 6, ambayo ndiyo muda wa sheria, kisha akaiandikia benki. Ikikataa, alikwenda kwenye mahkama ya madai madogo, ambayo siku hizo ilisikiliza madai yasiyozidi pauni 5,000. Alilipa ada, akajaza fomu, wala hakulazimika kuweka wakili. Mara nyingi benki ilirejesha fedha kabla ya siku ya shauri.

Julai 2007 likafunguliwa shauri moja la mfano baina ya ofisi ya serikali ya kulinda wanunuzi na mabenki makubwa, na madai ya watu yakasimamishwa. Tarehe 25 Novemba 2009 Mahkama ya Juu iliamua kuwa makato yale ni sehemu ya bei ya huduma, kwa hiyo ofisi ile haikuweza kutumia kanuni za 1999 kupima kama bei imezidi. Haikusema kuwa ni ya haki. Lakini waliochelewa wengi walirudi mikono mitupu. Hata hivyo malalamiko hayakupotea bure. Aprili 2020 msimamizi wa mabenki alipiga marufuku tozo hizo za mkupuo, na sasa deni la namna hiyo hutozwa riba tu.

Sheria yetu si ya Uingereza, na hatusemi kila mtu akimbilie mahkamani. Lakini mafunzo ni yetu sote. Kwanza, tuweke karatasi zetu, maana asiye na hesabu hana dai. Pili, tusome orodha ya tozo kabla ya kutia saini, maana bei uliyoikubali ni taabu kuikana baadaye. Tatu, tusichelewe: ngojangoja huumiza matumbo.

Wako wasemao shilingi chache si kitu. Hao wajumlishe za miaka 6, kisha waseme tena.

Rai yetu ni kuwa kila mwanachama aliyekatwa asichokielewa aiandikie benki yake kwanza, abaki na nakala. Asiporidhika, apeleke lalamiko Benki Kuu. Na Kamati ikusanye nakala hizo, ili linalotupata wengi lisemwe kwa sauti moja. Jasho la mkarafuu ni letu. Na hesabu yake iwe yetu pia.