Majina ya wachezaji: tucheke, lakini swali moja tuliache

Ndugu wasikilizaji wa Mabanga, na nyinyi wahami mnaolala kwa jamaa humu mtaani, leo siandiki juu ya bei ya unga. Naandika juu ya majina ya wachezaji, maana juzi yamenichekesha hadi machozi.

Vijana walikuwa wanapanga kikosi chao kando ya njia, pale wanapochajisha simu. Mbele waliweka Dieumerci Mbokani, yaani Mungu Asante. Nyuma yake Trésor Mputu, Hazina. Pembeni Fiston Mayele, na anayesikia Lingala anajua mayele ni akili. Papa mmoja, mhami kutoka Rutshuru, akauliza: "Sasa Mungu Asante akikosa penalti, kanisani tutasema nini?" Hata muuza makala aliacha kupima.

Papa huyo ni mtu wa zamani. Aliwakumbusha kwamba ekipe ya Zaire ya 1974 haikuwa na Trésor wala Fiston, sababu Mobutu alikuwa amekataza majina ya kikristo. Utani lakini haukukatazwa. Ndaye Mulamba aliitwa Mutumbula, jina la kutishia watoto usiku, na makipa nao waliogopa: alifunga magoli 9 katika Kombe la Afrika kule Misri, na mpaka leo hakuna aliyeyafikia katika kombe moja. Mungu Asante naye hakubeba jina bure. Mwaka 2015 Kongo-Brazzaville walituongoza 2-0. Yeye akafunga la kwanza na la mwisho, tukashinda 4-2.

Kwangu mimi, huu ndio utani tunaouhitaji. Mabanga kwa Lingala ni mawe, na wanamuziki wetu wakitaja majina ya watu ndani ya nyimbo tunasema wanatupa mabanga. Kutajwa ni heshima, watu hata hulipa.

Basi kijana mmoja, mgeni mtaani, akataja jina lake, akiomba kuwa kipa. Mwenzake akauliza: "Hilo ni jina la watu wa wapi?" Kicheko kikakatika. Hapa Goma tunajua swali hilo limetufikisha wapi. Mbokani alipofunga, nani aliuliza kabila lake?

Papa ndiye aliyejibu: "Ni jina la kipa. Aingie golini."

Jumapili alifungwa matatu. Sasa wanamuita Mlango Wazi, na yeye mwenyewe anaitika.