Kabla ya Kulaumu Virusi, Pima Rami Kwanza

Kuna ugonjwa umetuingia sisi watumiaji wa kompyuta: kila kitu ni virusi. Mashine ikiganda, virusi. Ikijizima na kujiwasha yenyewe, virusi. Ikikuletea skrini ya buluu wakati umebakiza aya moja umalize habari ya mhariri, fundi anatikisa kichwa kama daktari aliyeona mengi: "Hii ni virusi, ndugu yangu. Tupige Windows upya." Unalipa, unaondoka, baada ya siku tatu mko pale pale.

Ndugu wasomaji, leo naomba niseme bila kuzunguka. Kompyuta iliyoundwa jana, ikaanza kuzingua leo, isipigwe Windows upya mpaka rami yake ipimwe. Na duka linalouza kompyuta ya kuunda bila kupima rami linamuuzia mteja bahati nasibu.

Jamaa yangu mmoja anapiga picha za harusi. Alijinyima, akaundiwa kompyuta ya mezani na duka moja hapa mjini, jina kapuni. Vyote vipya: ubao mama, prosesa, diski, na rami mbili za giga nane nane. Wiki ya kwanza tu ikaanza kuzimika. Fundi akapiga Windows mara tatu. Mara ya nne ndipo mtu mwingine akapima rami, moja ikatema makosa kwa mamia. Wakati huo picha za harusi mbili zilikuwa zimeshahamishiwa kwenye ile mashine na kadi za kamera kufutwa. Baadhi ya picha zilifunguka nusu, nusu nyingine mistari ya kijani na zambarau. Sasa bibi harusi utamwambia nini? Arudi kanisani aolewe tena?

Hapo ndipo penye hatari ambayo wengi hawaioni. Kila faili unalofungua, kunakili au kuhifadhi hupita kwanza kwenye rami. Rami mbovu ikigeuza sifuri moja kuwa moja, diski itaandika kosa hilo kwa uaminifu kabisa. Ukitunza nakala ya akiba, nayo itabeba kosa lile lile. Na ukipiga Windows upya juu ya rami mbovu, mafaili ya Windows yenyewe yanaweza kuandikwa yakiwa yameharibika. Kikulacho ki nguoni mwako.

Wapo watakaosema, "Lakini kitu ni kipya, kimetoka kwenye boksi!" Upya si uzima. Mwaka 2009 watafiti walichapisha matokeo ya kufuatilia seva za Google kwa takriban miaka miwili na nusu, wakakuta zaidi ya asilimia 8 ya rami zilipata kosa angalau moja ndani ya mwaka. Seva zile zilikuwa na rami za ECC, zenye uwezo wa kugundua kosa na kulisahihisha, ndiyo maana waliweza kuhesabu. Kompyuta zetu nyingi za mezani hazina ECC, kwa hiyo kosa linapita kimya kimya. Linus Torvalds, muasisi wa Linux, alilalamika hadharani Januari 2021 kwamba watumiaji wa kawaida wamenyimwa ECC bila sababu ya maana. Namuunga mkono. DDR5 zina usahihishaji wa ndani ya chipu, lakini huo haulindi safari ya data kati ya rami na prosesa.

Tuwe wakweli pia: si kila kosa la rami maana yake rami imekufa. Rami nyingi za DDR4 zinauzwa kwa mwendo wa 3600, wakati viwango rasmi vya JEDEC vinaishia 3200. Mwendo huo wa juu unapatikana kwa kuwasha XMP kwenye BIOS, na mara nyingi volti hupanda kutoka 1.2 hadi 1.35. Prosesa au ubao mama ukishindwa, makosa yanaanza, hasa ukijaza nafasi zote nne.

Kwa hiyo utaratibu ni huu, na hauhitaji digrii. Zima mashine, chomoa waya wa umeme, toa rami na uzirudishe mpaka zilie "ta" na vishikizo vijifunge. Kama ni mbili, soma kitabu cha ubao mama. Kwenye mbao nyingi zenye nafasi nne zinakaa ya pili na ya nne kuanzia kwenye prosesa. Ingia BIOS, zima XMP. Kisha weka Memtest86+ kwenye flashi, programu ya bure, washa mashine kwa flashi hiyo uache ipime usiku kucha. Windows nayo ina kipimo chake: andika mdsched kwenye sehemu ya kutafutia. Kosa moja tu linatosha kusema kuna tatizo. Hakuna "makosa machache siyo mbaya".

Makosa yakitokea, pima rami moja moja kwenye nafasi ile ile. Kosa likifuata rami, rami ndiyo mgonjwa. Likibaki kwenye nafasi hata ukibadilisha rami, kagua ubao mama na pini za soketi ya prosesa. Makosa yakiisha baada ya kuzima XMP, umeshajua. Badilisha kitu kimoja kwa wakati. Ukibadilisha vitatu kwa mkupuo, hata mashine ikipona hutajua dawa ilikuwa ipi. Na kama ni DDR5, mara ya kwanza skrini inaweza kukaa nyeusi dakika kadhaa mashine ikijipanga. Usikimbilie kuizima.

Na wale mafundi wa kifutio? Kusugua meno ya rami kunaweza kuondoa uchafu, sikatai. Lakini kifutio hakifufui chipu iliyokufa.

Najua watakachonijibu wenye maduka: muda ni pesa, umeme ghali na unakatika, mteja anataka mashine leo leo. Nawaelewa. Lakini kipimo hakihitaji mtu wa kukisimamia. Mashine inapima, wewe umelala. Linganisha usiku huo mmoja na mteja anayerudi mara nne akiwa amenuna, kisha anawasimulia wenzake. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nasi wateja tuna letu. Kabla ya kutoa salio, omba kuonyeshwa matokeo ya kipimo kwenye skrini, na risiti iandike wazi waranti ya rami ni ya muda gani. Fundi mzuri hatachukia. Anayechukia kupimwa kwa kazi yake, mpelekee pesa yako kwa hiari yako mwenyewe.

Mashine ni chuma, itanunuliwa nyingine. Sauti ya marehemu babu uliyoirekodi, tasnifu ya mwanafunzi, hesabu za duka la mama: hivyo haviuzwi popote. Pima kwanza, ndipo uhamishe vitu vyako.

Naomba kutoa hoja.